Gundi Isiyopashwa

Edmonton, Landani
9 Januari 1971

Dada yangu Time,

Nakushika miguu kutoka huku mbali, wakati yangu mwenyewe imekufa ganzi kwa baridi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nataraji wewe na shemeji Mwadini hamjambo, na Zainab, binti wa ami yetu, bado anawachekesha majirani. Mwambie picha aliyoiomba nitapiga siku nitakayokuwa na uso wa kupigwa picha. Sasa hivi pua inachuruzika muda wote.

Kubwa ninalotaka kukuarifu ni kwamba ile kazi ya ghalani nimeiacha. Nimepata karakana! Mwenyewe ni mzee wa Kiingereza, jina lake Lawrence, anatengeneza makabati na viti vya zamani vya kwao, vya tangu enzi za wafalme wao wa miaka mia mbili nyuma. Havitengenezi kwa mashine. Randa ya mkono, patasi, msumeno, na mbao hazipigwi msumari ovyo. Tuko watatu: yeye, mimi, na Singasinga mmoja wa Nairobi, Surinder, ambaye Kiswahili chake kinanichekesha lakini mkono wake ni dhahabu.

Sasa sikiliza hili. Siku ya kwanza naingia tu mlangoni, harufu ikanipiga. Gundi ya baba! Ile ile ya ngozi na mifupa, chungu ndani ya chungu, maji yanafuka chini. Nilisimama pale nikataka kulia, mtu mzima mimi. Lawrence akaniuliza nina nini, nikamwambia moshi umeniingia machoni. Nikamkumbuka baba alivyokuwa akimsikiliza mteja mwongo mpaka mwisho, kwa adabu zote, kisha akitoka anatugeukia sisi: "Huyu gundi yake baridi." Maana gundi isiyopashwa inashika leo, kesho ukikalia kiti unaanguka nacho. Siku hizi hapa kuna gundi nyeupe ya chupa, haihitaji moto, na Lawrence anaichukia kama alivyoichukia baba gundi baridi.

Nawakumbuka wote tuliokaa kwenye chungu kile. Mbarouk yuko wapi siku hizi? Tulifundishwa pamoja, tukala sahani moja kwako, na tangu nitoke sijapata habari yake hata moja. Nisalimie akipita.

Ndugu yako,
Abdulwakil

—

Unguja
20 Februari 1971

Wakili, ndugu yangu,

Marahaba, na Mungu akupe joto. Barua yako imefika, nimefurahi mno kwa habari ya karakana. Imefika imefunguka ubavuni. Labda bahasha za huko zinapakwa hiyo gundi ya chupa.

Sisi wazima. Idi ya kuchinja imekwisha, tumeila kimya kimya, hata sambusa zangu hazikuuzika. Zainab ana uchumba unaozungumzwa, bado haujasimama. Paa la nyuma linavuja pale pale linapovuja kila mwaka, na kiti cha baba nimekihamisha kisipate maji.

Shemeji yako Mwadini hayupo nyumbani tangu mwezi uliopita. Alikuja kuchukuliwa aende kuulizwa maneno, na maneno yenyewe yanaelekea ni mengi, kwani bado wanamuuliza. Kila Alhamisi nampelekea kikapu cha chakula mlangoni, wanakipokea, na jioni nakirudisha kitupu. Kitupu ni habari njema, maana anakula. Wewe usijikere. Fanya kazi yako, vaa soksi mbili.

Dada yako,
Time

—

Edmonton
14 Machi 1971

Dada Time,

Nakushika miguu. Usinione nimekaa kimya. Posta ya hapa iligoma wiki nyingi, barua yako imenifikia jana, nami usiku kucha sikulala. Mwadini? Mwadini asiyejua kugombana hata na kuku? Wanamuuliza nini mtu wa kuuza vitambaa? Wekea kikapu salamu zangu chini ya wali, kama watazipitisha.

Hapa wote wazima. Surinder amepata mtoto wa kike, nimekula peremende mpaka meno yananiuma. Kazini tuna kabati la kuandikia la mti wa jozi, la zamani sana, limetufikia likiwa jeneza la kabati. Kuna fundi mjinga aliligongomea misumari na kulimwagia gundi nyeupe. Lawrence ameniachia mimi nilifungue. Gundi ya zamani inafunguka kwa adabu: unaipa mvuke na joto, inaachia, ubao haupasuki. Ile ya chupa haikubali, inang'oka na nyama ya mti. Nimekaa nayo wiki nzima na kisu chembamba, natukana kwa Kiswahili ili Lawrence asifahamu.

Dada, nakuuliza mara ya pili: Mbarouk yuko wapi? Alikuwa anajuana na watu. Huenda akasaidia kwa Mwadini.

Abdulwakil

—

Unguja
2 Juni 1971

Kwa ndugu yangu Abdulwakil,

Salamu nyingi sana. Sisi sote ni wazima wa afya, hatuna tatizo lolote, na mambo ya hapa ni mazuri. Chakula kinapatikana. Zainab anakusalimu. Uchumba wake umeahirishwa.

Leo tuna mgeni. Amekaa hapa barazani anakunywa kahawa wakati naandika, na anakusalimu. Anasema, msalimie Bwana Polepole.

Mgeni anasema imesikika kwamba mwezi wa Disemba ulisimama katika mkutano wa watu wa kwetu huko Hounslow, ukasema habari za watu waliofungwa. Anasema hukukosea sana, ni ujana tu, na nchi inasamehe. Anasema mafundi wanahitajika. Anasema ukirudi nyumbani kabla ya mwisho wa mwaka ukaeleza mwenyewe, Mwadini ataachiwa siku hiyo hiyo, na hili nimeambiwa nikwandikie wazi ili ulifahamu. Basi nimeliandika.

Kikapu nimekitundika juu ya kabati. Mvua za masika zimekuwa kubwa.

Dada yako,
Time

—

Edmonton
20 Juni 1971

Dada Time,

Nakushika miguu, na mgeni wako nampa salamu zake. Hilo jina la Bwana Polepole aliniita baba tu, na karakanani tu, kwa sababu ya nilivyokuwa nikipiga randa. Mgeni amelipata wapi? Nimelifikiria njia nzima ndani ya basi, nikapitiliza kituo.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika mikunjoni. Si barua yako, Time. Mkono ni wako, lakini tangu lini ukasema mambo ni mazuri bila kulalamikia paa? Hata hivyo jambo lililo ndani yake siwezi kulipita. Mwadini ndiye aliyenipeleka bandarini usiku ule nilipotoka nchini, akavua saa yake akanivisha nikaiuze Mombasa, na nilipokataa akaniapia kuitupa baharini. Nikamrudishia kwa hila tu, mfukoni mwa koti. Leo mlango wake unafunguliwa kwa mimi kupanda ndege, nami nikae hapa napaka kabati la Waingereza?

Nimemweleza Surinder. Akaweka patasi chini. "Wewe Wakili, hapana kwenda," akasema. "Huko naita mutu kwa maneno tamu. Sasa nani alikwenda akaandika barua, akasema nimefika salama? Taja moja tu." Nikamkasirikia, nikamwambia yeye hana shemeji jela. Akaenda kukoleza moto. Tangu hapo tunafanya kazi tumepeana migongo.

Nimekwisha kwenda kuuliza habari za ndege. Nakungoja wewe tu. Niambie nije, nami nakuja. Nikifika nitataka kitu kimoja: nikae kwenye kiti cha baba, unipe kahawa. Kipo? Kinakalika?

Abdulwakil

—

Unguja
15 Agosti 1971

Kwa ndugu yangu Abdulwakil,

Salamu sana. Sisi wazima. Mgeni yupo na anakusalimu, amefurahi kusikia umeuliza habari za ndege. Zainab anakusalimu.

Ndiyo, njoo. Njoo bila wasiwasi wowote. Mwadini anakungojea, na sote tunakungojea. Nimeandika njoo mara tatu sasa, na mgeni anasema yatosha.

Umeuliza kiti cha baba. Kipo. Mguu wa nyuma ulikuwa umechomoka, nikauunga mwenyewe. Mkaa siku hiyo ulikuwa umekwisha na sikutaka kumsumbua jirani, basi nikaipaka gundi vivyo hivyo ilivyoganda mkebeni. Kimesimama vizuri sana, ukikitazama huoni kitu. Ukija utakikalia.

Dada yako anayekupenda,
Time

—

Edmonton
3 Septemba 1971

Dada Time,

Nakushika miguu, na safari hii siiachii upesi.

Habari ya kiti nimeifahamu. Nimeisoma nikiwa nimesimama karibu na chungu, na Surinder akaniona nilivyogeuka, akaja bila kuitwa akanishika bega. Kupeana migongo tumeshaacha.

Mwambie mgeni kwamba kazi imezidi. Lile kabati la mti wa jozi linadai kupakwa rangi yake, na rangi yenyewe haipakwi kwa brashi. Ni tonge la pamba ndani ya kitambaa, unalizungusha, unazungusha, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lisubiriwe. Lawrence ni mgonjwa wa kifua, hawezi kunipa ruhusa. Labda mwakani. Mwambie hivyo, kwa adabu.

Na wewe nakwambia, dada, roho inaniuma. Nikimfikiria Mwadini nasikia aibu mpaka masikioni. Usikikalie kile kiti, na mimi sitakikalia.

Abdulwakil

—

Unguja
10 Novemba 1971, Ramadhani

Wakili,

Barua hii haipiti posta. Zainab anavuka kesho kwenda Mombasa kwa mgonjwa wake, ataitia huko. Kwa hiyo leo nakusemesha kama tulivyokuwa tukisema jikoni kwetu, na salamu zitangoja.

Mwadini amekufa. Amekufa tangu siku za Maulidi. Alhamisi ile nilipeleka kikapu, kikarudi na wali wake, haukuguswa, na juu ya wali pamewekwa kofia yake na ile saa. Kaburi silijui. Nilipokuandikia kwamba ukirudi ataachiwa, mimi nilikuwa edani, Wakili. Eda yangu nimeikaa kwa siri, maana nilikatazwa hata kulia kwa sauti. Basi hiyo aibu ya masikioni iache. Hakuna mlango uliokuwa ukikungojea wewe uufungue.

Mara ngapi umeniuliza Mbarouk yuko wapi? Alikuwa barazani kwangu anakunywa kahawa. Mgeni ni Mbarouk. Yeye ndiye anayezisoma barua, na yeye ndiye aliyekuwa akinitajia maneno, neno baada ya neno, kwa sauti ya upole, kama mtu anayemsomesha mtoto. Amenenepa. Ana kalamu mbili mfukoni, na mikono yake imekuwa laini, kucha safi. Mimi niliitazama mikono ile nikasema moyoni, huyu kazi ameshaisahau. Ndipo nikaiandika habari ya gundi mbele ya macho yake. Aliisoma, akaikunja barua, akailamba bahasha mwenyewe. Nikalala usiku ule kwa furaha, peke yangu, nikajiona hodari.

Mguu ule niliuvunja kwa makusudi, ili lisiwe neno tupu. Nilijua huenda akataka kukiona kiti.

Juzi alikuja wakati wa futari. Nikamkaribisha, akala tende tatu, akasifu uji. Halafu akatia barua yako mezani, ile ya Septemba, akasema, "Dada Time, nioneshe kiti cha marehemu baba." Nikakileta. Hakukikalia. Alikipindua, akanusa kiungo, akautoa mguu kwa vidole viwili tu, kama mtu anayetoa kijiti mdomoni. Akaniambia, "Nilijua siku ile ile ulipoandika. Nilitaka kuona kama Bwana Polepole naye bado anajua." Kisha akacheka kidogo, akaupachika mguu mahali pake, akakiweka kiti vizuri ukutani. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba alikiweka vizuri.

Kesho kutwa gari itakuja. Ameniambia nichukue shuka na kanga mbili, maswali si mengi. Mwadini naye aliambiwa si mengi.

Naogopa. Sitaki kukuficha, naogopa sana. Lakini sijuti hata kidogo. Sasa nakwambia gundi ikiwa ya moto kabisa: usije. Hata wakikwambia naumwa, hata ukiletewa mwandiko wangu, usije. Paa linavuja pale pale.

Wako,
Time

—

Edmonton, Landani
12 Desemba 1971

Dada yangu Time,

Nakushika miguu popote ulipo. Mimi ni mzima. Lile kabati limekwisha na mwenyewe amelichukua. Lawrence alilipitishia kiganja juu mpaka chini, akasema "ndiyo," basi, na kwake hiyo ni hotuba. Surinder na mkewe wanakusalimu. Mtoto ameota jino.

Maneno yaliyobaki ni ya huyo aliyeifungua.

Mbarouk, usiulize nani kaniambia ni wewe. Umejitaja mwenyewe. Bwana Polepole ni jina lililojulikana na watu watatu duniani: mmoja yuko kaburini, mmoja yuko Edmonton, na wa tatu anasoma barua za watu. Tangu Juni nililijua, sikutaka kuliamini, maana nakukumbuka ulivyoungua mkono kwa gundi ya baba ukalia, na Time akakupaka asali. Mkono gani vile? Wa kulia. Ndio ulioshika barua hii.

Sasa nisikilize. Unanitaka mimi, si yeye. Mwanamke wa kuuza sambusa hakuongezei cheo, mimi nitakuongezea. Haya, nakuja. Nimekwisha kumwambia Lawrence, na nimeshatia maombi ya hati ya kusafiria. Wanasema inachukua miezi, na mimi unanijua, sina haraka. Lakini kila mwezi, kabla sijapiga hatua moja, nataka barua ya Time. Kwa mkono wake. Na alalamikie paa, maana barua isiyolalamikia paa nitajua si yake. Barua ikija, nasogea. Mwezi usiokuwa na barua, nasimama, na wakubwa zako uwaeleze wewe kwa nini fundi wao hakufika. Nikishuka kwenye ndege nimkute uwanjani amesimama kwa miguu yake, ndipo na wewe utanipata.

Time aliniambia nisije, na maneno yake wewe umeyanusa. Mimi nakwambia nakuja. Ulikaa na chungu kile sawa na mimi, Mbarouk, baba alitufundisha sote wawili siku moja. Basi lishike neno langu, lipindue, livute kwa vidole vyako viwili, uone kama limepashwa. Na ukishindwa kujua, mtunze dada yangu, unisubiri.

Abdulwakil